Seti ya go ya wanaoanza: ubao mzuri, kijitabu kimeniacha njiani

Nimekaa na seti hii miezi minne, kwa hiyo siandiki kwa pupa. Ni seti ya wanaoanza ya go, mchezo wa ubaoni wa watu wawili wanaoshindana kuzungushia eneo kubwa kwa kete: ubao wa kukunja, mifuko miwili ya kete na kijitabu cha kurasa 24. Naipa nyota tatu kati ya tano. Ubao na kete peke yake ningezipa nne, ila kijitabu kimezivuta chini. Na kitu kilichonifundisha go kuliko vyote hakikuwemo kisandukuni, nimekishona mwenyewe. Nitakifikia.

Mimi ni fundi cherehani. Mchezo wa ubaoni niliokuwa nikiujua ni drafti, tena ile ya kuua muda nikimsubiri mteja aje kujaribu nguo. Go aliniletea mpwa wangu, binti wa kaka yangu, ana miaka 12. Alikuwa amesoma habari za Machi 2016 kule Seoul, programu ya kompyuta iitwayo AlphaGo ilipomfunga bingwa wa go Lee Sedol wa Korea Kusini michezo minne kwa mmoja. Kilichomkaa kichwani si matokeo. Ni hatua ya 37 ya mchezo wa pili, pale mashine ilipoweka kete mahali ambapo hata mabingwa waliokuwa wakitangaza mchezo walidhani imeteleza. Tangu siku hiyo kila kete anayoiweka bila kujua kwa nini, huyu mtoto anaibatiza hatua ya 37.

"Shangazi, tununue tu. Sheria zake ni chache kuliko za drafti."

Kweli ni chache. Hilo halikunisaidia kitu.

Kisanduku kilipofika, kazi ya kwanza ilikuwa kuhesabu kete. Ni mazoea ya kazi. Hata vifungo vikija kwenye pakiti iliyofungwa huwa navimwaga mezani nikavihesabu kabla aliyevileta hajageuka kuondoka. Seti kamili ina kete 361, idadi ile ile ya njia panda, pale mistari inapokatana, za ubao mkubwa wenye mistari 19 kwa 19. Nyeusi huwa 181 kwa kuwa mwenye nyeusi ndiye anayeanza, nyeupe 180. Nyeusi zilitimia. Nyeupe zilikuwa 176. Nikarudia, 176. Nikampa mpwa wangu ahesabu, akapata 175, halafu moja ikaonekana chini ya pedali ya cherehani.

Nikamwandikia muuzaji. Baada ya siku tatu akanijibu kwamba ni nadra sana mchezo kumaliza nyeupe zote 180, kwa hiyo sijapungukiwa na chochote. Kinachoniudhi ni kwamba anasema kweli. Hata kwenye ubao mkubwa hatujawahi kuufikia mwisho wa mfuko. Lakini nikimkabidhi mteja shati lisilo na kifungo cha juu kisha nikamwambia cha juu huwa hukifungi, je, atarudi? Nikaziba pengo kwa vifungo vinne vya koti, vyeupe, karibu upana ule ule, vyenye matundu manne kila kimoja. Vimo mfukoni hadi leo.

Kete zenyewe sina ugomvi nazo. Ni za plastiki, bapa upande mmoja na zimevimba kidogo upande wa pili. Nyumbani kwangu ambako meza inatikisika kila cherehani ikienda, ubapa huo ni neema, kete haibingiriki. Wachina nao wana kete bapa za namna hiyo tangu zamani, zile za Yunnan, ingawa zao si plastiki. Za Kijapani zimevimba pande zote mbili, na zile za hadhi nyeupe hukatwa kwenye kombe za baharini na nyeusi kwenye jiwe. Kuna jambo moja kuhusu hizo za Kijapani lililonifurahisha mno kama fundi: nyeusi hutengenezwa kubwa kidogo kuliko nyeupe, tofauti ya milimita 0.3 hivi, kwa sababu jicho huiona nyeupe kuwa pana. Mtu aliyewahi kumshonea mteja mmoja gauni jeupe na jeusi kwa vipimo vile vile hahitaji kuelezwa. Kwenye seti yangu zote ni milimita 22. Nilipima. Na ni kweli, ubao ukijaa nyeupe zinaonekana kama zimenenepa.

Ubao nao nimeupitishia tepu. Ni mraba kamili. Ubao wa Kijapani wa kawaida si mraba, una sentimita 42.4 kwa 45.5, urefu ukiwa kati ya mchezaji na mchezaji, kwa maana ukikaa mbele yake unautazama kwa mshazari na macho yanaukata ufupi. Sikuwa nimetegemea mahesabu hayo kwenye seti ya wanaoanza na sishushi nyota kwa hilo. Ninachoshushia nyota ni mkunjo. Ubao unakunjwa katikati, na katikati ndipo ulipo mstari wa kumi. Kwa hiyo mstari mzima, pamoja na ile nukta ya katikati kabisa, umelala juu ya bonde. Kete inayowekwa pale inakaa upande kama kofia ya mlevi. Ukigeuza upande wa pili, wenye mistari 13 kwa 13, ni mstari wa saba unaopata taabu hiyo hiyo. Mshono haupitishwi mahali panapotumika sana, jamani.

Sasa kijitabu.

Ukurasa wa kwanza una aya mbili kuhusu historia: mchezo umetoka Uchina, ambako huitwa weiqi, Wakorea wanauita baduk, Wajapani igo, na jina hili la Kijapani ndilo lililozaa "go". Vizuri. Ukurasa wa pili unakwambia weka kete ubaoni kwa zamu. Hausemi wapi. Usiku wa kwanza tukaziweka ndani ya vijumba kama drafti, na tukacheza hivyo kwa saa nzima, tukishangaa mbona picha za ukurasa wa tano hazifanani na zetu. Kete za go hukaa juu ya mistari, kwenye njia panda, pamoja na zile za ukingoni na za pembeni kabisa. Na ikishawekwa haitembei tena. Inabaki pale pale mpaka mchezo uishe au mpaka itekwe.

Kutekwa ndiko kitovu cha sheria zote, na hapa nitakisifu kijitabu, maana kimetumia neno zuri: pumzi. Baadaye nikaja kujua kwamba Wachina nao wanatumia neno la maana hiyo hiyo, qi. Kete iliyo katikati ya ubao ina pumzi nne, zile njia panda nne zinazoigusa kwa mistari. Iliyo ukingoni ina tatu. Ya pembeni ina mbili tu, maskini. Adui akiziziba zote, kete inatolewa. Kete za rangi moja zilizogusana kwa mstari zinakuwa kundi na zinapumua pamoja, mshazari hauhesabiki. Hilo la mshazari lilinigharimu sana. Mtu akitazama kete mbili zimekaa kikona kwa kikona, jicho linamwambia zimeshikana. Hazijashikana. Ni kama vipande viwili vya kitambaa vilivyobanwa kwa pini, vinaonekana nguo mpaka mtu avute.

Na go kumbe ni ufundi wangu mimi: kukata na kuunga. Nusu ya kila mchezo ni kumtafuta mwenzako mahali alipobana kwa pini ili umkate kabla hajashona, huku ukichunga pini zako. Hili kijitabu hakikulisema popote. Nililiona mwenyewe wiki ya tatu, na ndipo nilipoacha kuhangaika kumeza kete za mtoto wa watu nikaanza kuzitenganisha.

Kundi likibakiwa na pumzi moja linasemwa liko kwenye atari. Ndiyo, atari ile ile ya kampuni ya michezo ya video ya Marekani iliyoanzishwa 1972, waliichukua humu. Mpwa wangu alipolijua hilo akawa anaitangaza kila atari kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Adabu haikulazimishi kuitaja, na wachezaji wazoefu hawaitaji. Yeye anaitaja hata ile anayojiwekea mwenyewe kwa bahati mbaya.

Kijitabu kinakupeleka moja kwa moja kwenye ubao wa 19 kwa 19. Nadhani ni kwa sababu ndio uliochorwa juu ya kisanduku. Hilo ndilo kosa lake kubwa la kwanza. Mchezo wetu wa kwanza kwenye ubao huo ulichukua jioni mbili, na hakuna aliyejua nani anashinda wala kwa nini. Njia panda 361 kwa watu wasiojua kitu ni kama kumpa mwanafunzi wa siku ya kwanza kitambaa cha suti ya mteja. Tukahamia upande wa 13, njia panda 169, tukapata nafuu kidogo.

Huko ndiko nilikopata kipigo cha ngazi. Naomba nikieleze taratibu kwa sababu kila anayeanza atakipata, na kijitabu kina mistari miwili tu juu yake. Mpwa wangu aliibana kete yangu moja, akaiacha na pumzi moja. Nikaongeza kete pembeni yake, nikapata pumzi mbili, nikashusha moyo. Akaziba moja. Nikaongeza tena, nikapata mbili. Akaziba moja, upande mwingine. Tukaenda hivyo kwa zigizaga kutoka pembe moja kuelekea nyingine, mimi nikiamini kwamba nakimbia vizuri, maana kila nikiweka kete napumua. Tatizo ni kwamba ubao una mwisho. Tulipofika ukingoni sikuwa na mahali pa kuongeza, na zikatolewa kete 17 kwa mkupuo. Kumi na saba! Alizikusanya kwa viganja viwili.

"Shangazi, mbona hukuacha ile moja ifie pale mwanzo?"

Dawa yake ni kutazama mbele kabla ya hatua ya kwanza: fuata zigizaga kwa macho mpaka ukingoni. Kama njiani kuna kete yako itakayoungana nawe, kimbia, na anayekukimbiza ndiye atakayeumia, kwa sababu ameacha mianya ya kukatwa kila alipokanyaga. Kama hakuna, iache ile kete moja ife. Moja si 17.

Baada ya ngazi ndipo nikashona ubao. Nilikuwa nimesoma kwamba wanaoanza hufundishwa kwenye ubao wa 9 kwa 9, na seti yangu, yenye jina la wanaoanza kwa herufi kubwa, haina ubao huo upande wowote. Nilikuwa na kipande cha kaki nzito kilichobaki kwenye oda ya sare. Nikapiga mistari kwa chaki, inchi moja kati ya mstari na mstari: mistari 9, nafasi 8, inchi 8 kwa inchi 8, na pindo la inchi moja kuzunguka pande zote. Nikaipitia kwa cherehani na uzi mweusi. Nikatia nukta tano kwa uzi wa mkono, nne kwenye njia panda za mistari ya tatu na moja katikati. Kazi ya nusu saa. Kete za milimita 22 zinakaa vizuri kwenye nafasi ya inchi moja, hazikanyagani, na kitambaa kinazishika zisiteleze. Hakuna mkunjo. Kinaviringishwa kinaingia mfukoni.

Tangu siku hiyo tunacheza michezo mitatu hadi minne kwa jioni moja. Mchezo mmoja wa 9 kwa 9 kwetu ni dakika 15 hivi, unakosea, unaona umekosea wapi, unaufuta, unaanza tena. Tulianza na ule mtindo mwepesi wa anayeteka kete ya kwanza ndiye mshindi. Baada ya siku tatu nne hivi ukatuchosha wenyewe, tukagundua kwamba asiyekimbilia kuteka bali anazungushia eneo kubwa anakuja kuteka bila jasho. Hapo tukaingia kwenye go yenyewe. Kama ningekuwa mtengenezaji wa seti hii ningetoa ubao wa 19 kabisa nikaweka 9 na 13, na yeyote atakayefika mbali angenunua mkubwa baadaye, ule usiokunjika.

Kuhusu macho, kijitabu kimejitahidi. Kundi likizingirwa pande zote linaishi tu likiwa na macho mawili, yaani nafasi mbili tupu zilizotengana ndani yake. Sababu ni nyepesi ukishaiona: adui haruhusiwi kuweka kete mahali ambapo haitakuwa na pumzi, ila kama kwa kuiweka anateka. Jicho likiwa moja, akishaziba pumzi zote za nje anaingia humo mwisho na kuteka kundi zima. Yakiwa mawili hawezi, kwa sababu kuingia moja kunaacha lingine wazi, na hawezi kuweka kete mbili kwa zamu moja. Picha ya ukurasa wa 11 ni safi. Lakini kikaishia hapo, kama vile macho mawili yanajifanya yenyewe. Nilichokuwa nakihitaji ni maumbo. Nafasi tatu tupu zilizojipanga mstari mmoja: anayewahi katikati ndiye anayeamua, ukiwahi wewe unaishi, akiwahi yeye umekufa. Nne za mstari: tulia, unaishi hata akianza yeye, kwa kuwa akiweka moja ya mbili za katikati wewe unaweka ya pili. Nne za mraba: umekwisha kufa, hata ukianza wewe. Hayo matatu nimeyaandika nyuma ya daftari langu la vipimo na yameniokoa mara nyingi kuliko kurasa zote 24.

Sheria ya ko naipita haraka kwa sababu kijitabu kimeieleza vizuri. Ni pale ambapo wewe unaweza kuteka kete yangu moja nami nikaiteka yako papo hapo, na tukaendelea hivyo mpaka asubuhi. Sheria inakataza kurudisha mara moja. Lazima ucheze kwanza mahali pengine. Mpwa wangu aliipenda kwa sababu unatafuta pa kumtisha mwenzako ili ashughulike huko nawe urudi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonishusha moyo, maana ndilo linalowafanya watu waiache go wiki ya kwanza wakasema haieleweki. Kijitabu kinasema mchezo unaisha wachezaji wote wawili wakipasi mfululizo, yaani wakiacha zamu bila kuweka kete. Kisha kinasema, na haya ndiyo maneno yake yote: ondoa kete zilizokufa, hesabu maeneo. Basi.

Zilizokufa ni zipi?

Jioni moja mpwa wangu alikuwa na nyeusi, mimi nyeupe, kwenye kaki. Tumepasi wote. Ndani ya eneo lake pembeni chini zilikuwepo kete zangu mbili. Akanyosha mkono kuzitoa.

"Weka chini. Zina pumzi tatu hizo."

"Zimekufa, Shangazi. Haziendi popote."

"Mtu mwenye pumzi tatu hazikwi."

Akasema sawa, nitaziba pumzi zake nikuonyeshe. Nikamwambia ziba. Lakini kijitabu hicho hicho kinahesabu kwa mtindo wa Kijapani, ambapo pointi zako ni nafasi tupu ulizozungushia pamoja na mateka uliowachukua. Kwa hiyo kila kete atakayoiweka kwenye eneo lake inampunguzia pointi moja, nami nitakuwa napasi tu, sipotezi kitu. Akaliona hilo kabla sijamaliza kulisema. Akagoma kuziba. Mimi nikagoma kuzitoa. Tukalala bila mshindi, na asubuhi alienda shule bila kuniamkia vizuri.

Nikaja kujua mambo mawili ambayo yangetosha nusu ukurasa tu. La kwanza, kete iliyokufa ni ile ambayo haiwezi kukwepa kutekwa hata mwenyewe akipewa nafasi ya kuanza. Kete zangu mbili hazikuwa na nafasi ya kutengeneza macho wala njia ya kuungana na wenzao. Pumzi tatu zilikuwa za mgonjwa aliyekwisha agana na nduguze. Alikuwa na haki. La pili, upo mtindo wa Kichina wa kuhesabu, na kwa anayeanza huo ndio dawa: unahesabu kete zako zilizo hai ubaoni pamoja na nafasi tupu ulizozungushia, na mateka hawahesabiwi. Ukihesabu hivyo, kujaza eneo lako mwenyewe hakukupunguzii kitu, maana nafasi iliyokuwa pointi inakuwa kete, nayo ni pointi. Mkibishana kama kundi limekufa, endeleeni kucheza mpaka litolewe au lionyeshe uhai. Ugomvi umekwisha, hakuna aliyedhulumiwa.

Tuliurudia mchezo ule kwa hesabu hiyo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameigusa kaki. Nyeusi 44, nyeupe 37. Jumla 81, inatimia. Mtoto akaruka. Nikamwambia subiri, kuna komi, fidia anayopewa mwenye nyeupe kwa kuwa nyeusi ndiye aliyeanza. Kijitabu kinataja kwamba Wajapani wanatoa 6.5 na Wachina 7.5, na hakisemi sisi tutumie ipi. Tofauti yetu ni 7. Kwa komi ya Kijapani ameshinda kwa nusu pointi. Kwa ya Kichina nimeshinda mimi kwa nusu pointi. Nikamwambia tumehesabu Kichina, tumalize Kichina. Alininunia siku mbili. Siku hizi komi tumeiweka kando. Yeye ananitanguliza kete mbili ubaoni kabla mchezo haujaanza na tunaridhika.

Ndiyo, yeye ananitanguliza mimi. Wachezaji wa go wana msemo kwamba michezo 100 ya kwanza ipoteze upesi. Kwenye daftari la vipimo, kati ya kiuno cha mteja mmoja na mabega ya mwingine, nimechora vijiti: nimefungwa 83, nimeshinda 29.

Kwa anayetaka mtu wa kucheza naye na hana, hilo si tatizo la seti lakini nitalitaja. Nikiwa peke yangu nacheza kwenye tovuti ya Online-Go, ni bure, ina ubao wa 9, 13 na 19, na unaweza kupambana na watu au na programu. Daraja za wanaojifunza zinahesabiwa kwa kyu, unaanzia juu, kwenye 30 na 25 huko, na unashuka kuelekea 1 kadiri unavyopata ujuzi, kisha ndipo dan, daraja za wazoefu, zinaanza kupanda. Mimi ni wa huko mwanzo mwanzo. Faida kubwa niliyoipata pale ni kuona mchezo unavyomalizwa: baada ya kupasi, kete zilizokufa zinatiwa alama, wote wawili mnakubali, ndipo pointi zinatoka. Nilitazama hilo mara tano nikaelewa kile ambacho kijitabu kilishindwa. Ila kioo si kete. Ile kuishika kete kwa ncha ya kidole cha shahada na cha kati, kuitua, na kuisikia ikigonga ubao, hata ya plastiki, inakufanya ufikiri kabla ya kuweka. Kwenye simu kidole changu kina haraka.

Kwa hiyo ninunue au nisinunue? Kama nyumbani mko wawili mnaoanza pamoja, na mna subira ya kutafuta kwingine sheria za mwisho wa mchezo, nunueni. Kete zitadumu kuliko sisi. Hesabuni siku hiyo hiyo. Chukueni kitambaa au karatasi ngumu mchore 9 kwa 9 kabla ya kuugusa ubao uliomo ndani. Kama unamnunulia mtoto ili acheze peke yake akiongozwa na kijitabu, usimtese. Na kama tayari unacheza vizuri, ubao wenye bonde katikati utakukera kuliko ulivyonikera mimi.

Muuzaji hajatuma zile kete nne. Vifungo vinaendelea na kazi yake, na mpwa wangu sasa amezua sheria kwamba kifungo kikitekwa kihesabiwe kuwa mateka wawili kwa kuwa kina matundu. Nimemkatalia. Tunahesabu Kichina.